Mgeni Ndani ya Kompyuta ya Chepngeno

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi wetu tuliijua methali hii tungali wadogo, na tuliielewa kwa tumbo: mgeni akija, kuku atachinjwa, na watoto wataambulia paja. Sina ugomvi na kuku. Lakini wahenga hawakuwa walafi kiasi hicho. Walimaanisha kwamba mgeni aweza kuingia na dawa ya donda ambalo mwenyeji amelizoea mpaka akadhani ni sehemu ya mwili wake. Anayebisha na asikilize yaliyomfika Bethwel arap Maritim, mwalimu mkuu mstaafu wa pale Merigi, kwenye milima ya chai ya Wakipsigis, katika mwaka wa 1999.

Bethwel alikuwa mjane wa mwaka mmoja na nusu. Mkewe, Chepngeno, alikuwa mpiga taipu katika kiwanda cha majani chai kwa miaka ishirini na mitatu, na alipostaafu, kiwanda kilimpa kompyuta ya zamani iliyokuwa mezani pake. Akaiweka sebuleni chini ya kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Kila siku, akishapeleka majani ya chai kituoni, alinawa mikono, akaketi na kuanza kugonga. Bethwel alizoea kusinzia kitini akisikia vidole vya mkewe vikigonga vitufe. Chepngeno alipofariki kwa ugonjwa wa shinikizo la damu, kitu kilichomuuma mzee huyo kuliko vyote ni ule ukimya wa saa kumi jioni.

Chepngeno alikuwa akiandika majina. Kwa Wakipsigis, mtoto akizaliwa, akina mama huketi naye wakamnusisha ugoro kidogo, huku wakitaja majina ya watu wa ukoo waliokwisha kufa, moja baada ya jingine. Jina litakalotajwa mtoto akapiga chafya, hilo ndilo lake la nyumbani. Hilo huitwa jina la kurenet. Ubatizo huja baadaye kanisani, wala hakuna anayeona ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Tatizo ni kwamba vikongwe waliokuwa na majina hayo kichwani walikuwa wakienda mmoja mmoja. Chepngeno akawatembelea na daftari, kutoka Merigi hadi Siongiroi, kisha akayataipu yote: majina thelathini na moja, kila moja na maneno yake machache. Daftari lenyewe liliharibika siku mvua ya mawe ilipotoboa bati. Orodha ikabaki ndani ya kompyuta peke yake.

Basi kila saa kumi Bethwel aliondoa kitambaa, akawasha mashine, akabonyeza kijipicha kilichokuwa kwenye uso wa Windows, mfumo ulioiendesha mashine hiyo, na orodha ikafunguka. Alisoma polepole. "Tabarno, mama ya Bethwel. Alicheka kanisani mpaka mchungaji naye akacheka." Alimsikia mkewe ndani ya maneno hayo. Nyumbani hapakuwa na mashine ya kuchapishia. Mara nyingi alichukua kalamu ili anakili majina kwa mkono, na mara zote aliiweka chini. Aliona kwamba siku atakapolifikia jina la mwisho, atakuwa amemzika Chepngeno mara ya pili.

Mwezi wa Mei akaja mpangaji. Aliitwa Onchiri Nyang'au, kijana Mkisii, mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari ya jirani. Akapewa chumba cha nyuma. Onchiri hakuwa mgeni kabisa wa upande huu. Alizaliwa na kulelewa karibu na Siongiroi, ila mwaka wa 1992, fujo za mipaka kati ya Wakisii na Wakipsigis zilipozuka, baba yake aliihamisha familia yote kwa siku moja. Onchiri aliondoka na godoro kichwani. Alikuwa akiikumbuka milima hii kwa miaka saba, na alipopata kazi huku, ndugu zake walimwona kama mtu aliyerukwa na akili.

Siku moja alichungulia sebuleni, akaiona kompyuta.

"Mzee, hii mashine inafanya kazi?"

"Inafanya. Ni ya marehemu mama watoto."

Onchiri akatoa CD iliyofungwa kwa gazeti. "Niko na kitu hapa, inaitwa Linux. Ni mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta. Rafiki yangu wa chuo alinipatia. Hii imetengenezewa mtu anayeanza, inakuuliza swali moja moja na wewe unajibu. Naomba tuiweke kwa hii mashine, ndio nijifunze."

"Na ya mama iende wapi?"

"Haiendi mahali. Windows itabaki na vitu vyake vyote. Linux itakaa kando, kwa diski hiyo moja. Ukiwasha, mashine itakuuliza leo unataka kuingia kwa nani."

Bethwel hakuelewa nusu ya maneno hayo, na hakukubali kwa sababu ya Linux. Alikubali kwa sababu alitamani kusikia vitufe vikigongwa tena katika nyumba ile. Alijua hivyo moyoni, na aliona haya kulisema.

Kipkosgei, ndugu yake aliyeishi ng'ambo ya ua, mtu mwenye ulimi mkali kama panga la kupogolea chai, hakuona haya kusema yake. "Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe ya tatu unampa kompyuta. Ya nne utampa shamba?"

"Ni kipande cha diski tu," Bethwel akajibu.

"Hata hao wa fujo za mipaka walianza na kipande."

Jumamosi iliyofuata kazi ikaanza asubuhi. Kwanza Onchiri aliiambia kompyuta izikusanye faili zote upande mmoja wa diski, maana zilikuwa zimetawanyika kila mahali, na mtu hakati shamba lenye mbuzi waliolala katikati. Kwenye kioo vilionekana vijisanduku vidogo vikihama safu kwa safu. Vilihama mpaka adhuhuri. Bethwel alimletea mgeni wake mursik, maziwa ya kuchachushwa kibuyuni, kwenye kikombe kikubwa, wakakaa kuvitazama pamoja.

Kisha Onchiri akaweka mpaka: sehemu kubwa ya Windows, sehemu ndogo ya Linux. Kidole chake kilisita juu ya kitufe. "Mzee, nikibonyeza hapa tumekata. Nibonyeze?"

"Mpaka ukishawekwa, kuna mtu anaweza kuusogeza?"

"Hausogei wenyewe. Kila mtu anakaa kwake."

"Bonyeza."

Akabonyeza. CD ikaingia, maswali yakaja: lugha gani, kibodi gani, neno la siri lipi. Alasiri mashine ikazimwa na kuwashwa upya, ikasimama kwenye maandishi meupe yaliyouliza mwenye mashine anataka kuingia wapi. Bethwel akachagua Windows kwa kidole chake mwenyewe, akafungua orodha. Tabarno alikuwepo. Wote thelathini na moja walikuwepo. Akashusha pumzi iliyosikika mpaka jikoni.

Tangu siku hiyo, Onchiri akitoka shuleni aliketi mezani na kuandika mitihani upande wake wa diski. Vitufe vikagongwa. Bethwel akasinzia kitini kama zamani. Wakati mwingine, kati ya usingizi na kuamka, alifumbua midomo kumwomba Chepngeno chai, halafu akakumbuka.

Mwezi wa Oktoba ulipoingia, Nelvine, mke wa mwanawe Kipkurui, alikuwa amebakiza siku chache kujifungua mtoto wa kwanza. Chepkorir, dada mkubwa wa Bethwel, ndiye angetaja majina. Alifika kuuliza mapema, akiwa na mkongojo wake.

"Majina ya Chepngeno iko tayari? Mimi kichwa yangu imebaki na matano tu, na mawili sina hakika."

"Yako tayari," Bethwel akasema. "Yote."

Alhamisi ya juma lile, wakinywa chai, Onchiri alilalamika kidogo, kama mtu anavyolalamikia mvua. "Upande wangu kwa diski umejaa kidogo. Nitapunguza vitu vyangu."

Neno lile lilimwingia Bethwel. Katika nyumba ile, mgeni hakuachwa ajitafutie nafasi. Chepngeno alikuwa akihamisha magunia yake ya mahindi, akafagia, akamwaga takataka kabla mgeni hajavuka kizingiti. Mwenyeji anayemwacha mgeni ajifagilie hana tofauti na aliyemfukuza. Hivyo ndivyo walivyolelewa.

Ijumaa, Onchiri akiwa darasani, Bethwel akaingia Windows kumfagilia mgeni. Akakuta folda kubwa iliyoitwa KIWANDA, imejaa barua za zamani kuhusu magunia, magurudumu ya lori na kuni za boila. Nani angezihitaji tena? Akaifuta yote. Kisha akafungua pipa la taka la kompyuta akalimwaga, kwa kuwa mwenyeji mwenye adabu hamwachii mgeni pipa lililojaa. Akajiona amefanya jambo la heshima.

Maskini Bethwel hakujua mambo mawili. La kwanza, kufagia upande mmoja wa mpaka hakuongezi hata kidole upande wa pili. La pili ndilo lililomponza: Chepngeno, kwa mazoea yake ya kazini, alikuwa ameihifadhi orodha ndani ya folda hiyo hiyo ya KIWANDA. Kijipicha alichokibonyeza Bethwel kila siku kilikuwa kama kibao cha barabarani tu. Kilionyesha njia, hakikuwa nyumba.

Alikibonyeza akitarajia kumwona Tabarno. Windows ikatafuta, ikatafuta, ikamwambia faili haipatikani. Akabonyeza tena, na tena. Akanyoosha mkono ukutani akazima umeme, kisha akaketi sakafuni, mtu mzima wa miaka sitini na sita, akalia kwa sauti ya chini, kwa maana alihisi Chepngeno ameondoka sasa hivi, mlango ukiwa bado unatikisika.

Kipkosgei alimkuta hapo. Alipoambiwa majina yamepotea, hakuuliza yamepoteaje. "Si nilisema? Umemkaribisha mwenyewe yule kijana, na sasa ameyala majina. Kesho naleta fundi kutoka mjini. Afute kila kitu, hiyo Linux itoke, aweke Windows mpya. Na kijana atafute nyumba."

Hapo ndipo Bethwel alipopaswa kusema. Lakini alikuwa amekuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, amewachapa wengi kwa makosa madogo kuliko lile, na aibu ikamziba mdomo. Akanyamaza. Kimya chake kikageuka uongo bila yeye kutamka neno.

Onchiri aliporudi, Kipkosgei alimpa habari mlangoni. Kijana akamtazama mzee. "Mzee, kuna kitu ulifuta leo?"

Bethwel alitazama sakafu. "Mimi sikugusa."

Onchiri akaitazama mashine. "Sawa. Kesho nitatoa kitu yangu kwa mashine, na mimi pia nitatoka. Naomba tu mtu asiiwashe mpaka wakati huo." Akaenda chumbani kwake. Alijua kufungasha. Alikuwa amejifunza mapema mno.

Jumamosi asubuhi Kipkurui akaleta habari kutoka hospitalini Longisa: Nelvine amejifungua salama, ni msichana. Kesho watakuwa nyumbani na akina mama watakuja. Akamkumbatia baba yake, akauliza kwa furaha, "Majina ya mama tunayo, sivyo?"

Bethwel akajitoa mikononi mwake. Alitoka, akazunguka nyumba mpaka chumba cha nyuma. Sanduku la Onchiri lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani, na godoro limekunjwa. Mzee akalitazama godoro lile. Akavua kofia.

"Mwalimu, ni mimi," akasema. "Nilifuta mimi mwenyewe. Nilikuwa nafagia ndio upate nafasi. Halafu nikaona haya, nikaacha lawama ikae juu yako. Nisamehe."

Onchiri angeweza kusema mengi, na yote yangekuwa haki yake. Alishika kamba ya sanduku, akaiachilia. "Baada ya kufuta, uliandika kitu chochote? Uliiwasha tena?"

"Hapana. Niliizima ukutani."

Uso wa kijana ukabadilika. "Basi labda mama bado yuko ndani. Ukifuta, kompyuta haivunji nyumba, mzee. Inatoa tu jina kwa mlango. Vitu vinabaki humo mpaka mpangaji mwingine aingie avikalie. Sasa tukiamsha Windows, yenyewe ina tabia ya kuandika-andika kila mahali, inaweza kukalia maneno ya mama. Lakini tukiingia kwa Linux, yeye yuko upande wake wa mpaka. Anaweza kuchungulia kwa jirani bila kukanyaga kitu. Bahati tu Linux iko ndani tayari. Kama ningeanza kuiweka leo, ningeogopa hata kugusa hiyo diski."

Walipofika sebuleni, Kipkosgei alikuwa ameingia na fundi, na fundi alikwisha kutoa CD zake. Bethwel akasimama mbele ya meza, akaigeuzia mgongo.

"Ndugu yangu, kijana hakula kitu. Mimi ndiye niliyefuta. Nilikudanganya kwa kunyamaza. Fundi, pole kwa safari, chai iko jikoni, lakini hii mashine haifutwi."

Kipkosgei akazikusanya CD zile mwenyewe. Akampeleka fundi jikoni.

Onchiri akawasha, akaingia upande wa Linux. "Nipe neno ambalo mama aliandika, na haliwezi kuwa kwa barua za kiwanda."

"Tabarno," Bethwel akasema.

Onchiri akaiamuru mashine itafute neno hilo katika upande wote wa jirani, kipande kwa kipande, bila kujali faili ipo au haipo. Kioo kikakaa cheusi. Dakika zikapita. Bethwel alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Halafu, katikati ya alama zisizosomeka, mstari ukajitokeza: Alicheka kanisani mpaka mchungaji naye akacheka.

Mzee akachukua daftari na kalamu. Kazi aliyoiogopa kwa mwaka na nusu aliifanya sasa bila kuinua kichwa, Onchiri akisoma, yeye akiandika. Mengine yalitokea yamekatika, wakayaunga. Mengine yalitokea mara mbili. Ilipofika adhuhuri walikuwa na thelathini na moja.

"Ngoja, mzee," Onchiri akasema. "Kuna nakala nyingine hapa chini, ya zamani. Nafikiri mama aliihifadhi, halafu siku nyingine akabadilisha. Hii ina mstari mmoja zaidi."

Bethwel akavaa miwani vizuri, akasogea. Orodha ile alikuwa ameisoma kila siku, na aliijua kama sala ya Baba Yetu. Mstari huu hakuwahi kukutana nao.

"Thelathini na mbili. Chepngeno, niliyeingia nyumba hii kama mgeni. Mnitaje na mimi, kama mtanitaka."

Aliusoma mara ya kwanza, akausoma tena. "Aliufuta," akasema.

"Aliona haya, labda."

"Aliona haya," Bethwel akaitikia, na machozi yakamtoka mbele ya kijana yule bila kujificha. "Miaka arobaini tumeishi pamoja, na hakuwa na hakika kama tunamtaka." Kisha akashika kalamu, akauandika mstari wa thelathini na mbili kwa herufi kubwa.

Jumapili baada ya ibada, akina mama walijaa chumbani. Wanaume walikaa nje kwenye benchi, Bethwel katikati, Onchiri kulia kwake, Kipkosgei kushoto akiwa mpole kama kondoo. Mlango uliachwa wazi kidogo. Walimsikia Chepkorir akitaja majina aliyosomewa na mjukuu wake kutoka daftarini, polepole, akisubiri kila mara. Tabarno. Kimya. Jina la kumi, la ishirini. Mtoto alikuwa amelala fofofo. Jina la thelathini na moja likapita, na akina mama wakaanza kunong'ona.

"Bado moja," sauti ya msomaji ikasema. "Chepngeno."

Mkongojo wa Chepkorir ukagonga sakafu mara moja. Kisha akaliita jina hilo kwa upole, jinsi alivyokuwa akimwita wifi yake wakienda kuchuma chai. "Chepngeno."

Ikasikika chafya, ndogo, kavu, ya mtu mwenye umri wa siku moja. Akina mama wakapiga vigelegele mpaka ng'ombe wakainua vichwa malishoni.

Bethwel aliuficha uso kwenye kofia yake. Kipkosgei akasimama, akakohoa, akamgeukia Onchiri. "Mwalimu, twende nikusaidie kulikunjua godoro lako." Bethwel hakuwasikia wakiondoka. Alikuwa akimsikiliza mtoto, aliyeamka sasa na kulia, katika nyumba iliyokuwa kimya kwa mwaka na nusu, nyumba iliyoponywa na wageni wawili, mmoja aliyeingia kama bibi harusi na mwingine aliyeingia na CD ndani ya gazeti. Na asiyeamini baada ya hayo kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone, huyo basi hajawahi kufunguliwa mlango wala kuufungua.